Hatua Nane Kutoka Mirihi

Mzee Daimu, muuza nguo wa Songea, hakuwa mtu wa kuogopa hovyo. Alikwisha kuvuka mto Ruvuma umefurika, robota la kaniki kichwani, akatoka ng'ambo akicheka. Alikwisha kulala porini na simba wakinguruma jirani. Lakini mwezi wa saba wa mwaka 1909 alipata kitu cha kuogopa, nacho kilikuwa nyota. Kwa ajili ya nyota hiyo akasimamisha harusi ya binti yake.

Aliyeumia zaidi na habari hiyo alikuwa Alfani, mchumba mwenyewe. Mipango yote ilikuwa tayari. Mjomba wa Sharifa aliyeko Namasakata alikwisha kutoa neno lake, na kwa Wayao neno la mjomba ndilo zito. Mama yake Sharifa, Bi Biasha, alikwisha kuchagua mahali ambapo nyumba ya maharusi ingejengwa, pale mtaani kwao Mshangano, hatua chache kutoka kwake. Kilichobaki kilikuwa kutaja siku.

Alfani akaenda asubuhi, akavua viatu barazani, akaketi chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Siku sitaji."

"Nimekosa nini, baba?"

"Wewe hujakosa." Mzee Daimu alishusha sauti kana kwamba kuna mtu nje anayewasikiliza. "Nikitoka kutawadha kabla ya alfajiri naiona. Ile nyekundu. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Inakua. Kila nikitoka imekua. Sasa sikiliza. Mwaka wa vita niliiona, mwezi wa tano, nyekundu hivyohivyo. Hazikupita siku nyingi, Maji Maji ikafika huku. Mwanangu Swalehe alikuwa amekwenda Namtumbo kuuza chumvi. Hakurudi. Mwaka wa njaa nikaiona tena, kubwa zaidi. Na sasa imekuja ya tatu, inazipita zote mbili. Nikuoze binti leo, kesho mkimbie na mikeka ya harusi kichwani? Hapana. Siku nyota ile itakapoanza kupungua, siku hiyo nitataja siku yako. Isipopungua mpaka Ramadhani iishe, nafunga mizigo, narudi Namasakata, na ikibidi navuka mto."

Alfani akaaga, akavaa viatu vyake. Swalehe alikuwa rafiki yake.

Wala Mzee Daimu hakuwa peke yake. Wapagazi waliopita na misafara walikuwa wakisema vilevile kila walipotua: nyota inashuka, itakuwa kubwa kama mwezi, kisha moto. Watu walikuwa wamezika wengi mno miaka ile mitatu, minne, kwa vita na kwa njaa, hata wasidharau dalili yoyote. Pale Mshangano wengine walianza kusema hawatalima mwaka huu. Kulima kwa ajili ya nani?

Sasa, Alfani huyu alikuwa na kazi ya ajabu nyuma yake. Kwa miaka mitano alikuwa mshika mnyororo wa mpima ardhi mmoja Mdachi, Bwana Otto. Mmoja hushika ncha hii ya mnyororo, mwingine ile, wanaunyoosha, wanapiga kigingi, wanasonga mbele. Hivyo ndivyo walivyopima njia kutoka bomani kuelekea ziwani. Jioni Bwana Otto alitazama nyota kwa darubini yake ili ajue yuko wapi duniani, naye Alfani alimshikia taa na kuuliza maswali. Bwana Otto alipenda kuulizwa. Alimwambia kwamba dunia yenyewe ni mojawapo ya nyota zinazotembea, inalizunguka jua kwa siku mia tatu sitini na tano; na kwamba ile nyekundu, ambayo waalimu wa chuoni huiita Mirihi, inalizunguka jua hilohilo kwa mbali zaidi, kwa siku mia sita themanini na saba. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, akamwachia Alfani kitabu cha jedwali za nyota cha mwaka 1907, maana kilikuwa kimepitwa na wakati.

Alfani akakitoa kitabu sandukuni. Maneno ya Kidachi hakuyajua, ila tarakimu alizijua vizuri, na pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya Bwana Otto mwenyewe aliyokuwa amemfasiria zamani: dunia, ishirini kutoka jua. Mirihi, thelathini na moja. Mirihi karibu kabisa na dunia, tarehe sita mwezi wa saba.

Akakaa na kitabu hicho siku mbili. Siku ya tatu akarudi kwa wakwe.

"Baba, nyota haikui. Inakaribia. Na ikishakaribia inaondoka tena, kama watu wawili wanaozunguka uwanja mmoja, mmoja ana mwendo, mwingine mzito. Mwenye mwendo humfikia mwenzake, humpita, humwacha. Naweza kuhesabu siku watakapopitana."

"Unaweza?"

"Naomba kujaribu. Nahitaji shamba lililokwisha kuvunwa, vigingi mia mbili na kumi, na watu wawili wa kunisaidia."

"Watu gani?"

Alfani akatazama chini. "Sharifa, kama utaruhusu. Na mama, awepo."

Bi Biasha, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni, akacheka hadi ungo ukamwaga nusu.

Walikwenda shambani kwa Alfani Jumatatu. Alfani alipiga kigingi kimoja katikati, akafunga kamba ya magome, akapima hatua ishirini, akaizungusha na kuchora duara. Kisha akapima hatua thelathini na moja na kuchora duara la pili nje ya lile. Kwenye duara dogo walipiga vigingi sabini na tatu, kwenye kubwa mia na thelathini na saba.

"Kila kigingi ni siku tano," Alfani alieleza. "Mama, wewe kaa hapa katikati. Wewe ndiye jua."

"Nimekuwa jua uzeeni," Bi Biasha alisema, akaweka kigoda chake.

"Sharifa ni dunia, duara la ndani. Mimi ni Mirihi. Mama akipiga kofi moja, kila mtu asogee kigingi kimoja. Tushikane kwa kamba hii yenye mafundo, fundo moja kila hatua, ili tujue tumekaribiana au tumeachana kiasi gani."

Sharifa alikuwa na miaka ishirini, msusi wa mikeka, kimya mbele ya wageni na hodari wa hesabu. Dukani kwa baba yake ndiye aliyepima nguo, na mikeka yake ilisifiwa kwa kuwa mapambo yake hayakupishana hata ukindu mmoja. Akashika kamba, akasimama kigingi cha kwanza, mbele ya Alfani, hatua kumi na moja kati yao. Hapo ndipo mwezi wa saba wa 1907.

Bi Biasha akapiga kofi. Wakasogea. Akapiga tena. Sharifa alikuwa na hatua ndefu zaidi, akaanza kumwacha mchumba wake nyuma. Kamba ikaongezeka, kumi na mbili, kumi na tano, ishirini. Makofi yalipokaribia themanini walikuwa wamepeana migongo, jua katikati yao, na kamba ikampita Bi Biasha karibu na kichwa: mafundo hamsini na moja.

"Alfani!" Sharifa aliita kutoka ng'ambo ile. "Sasa wewe ni nyota ndogo kabisa. Sikuoni!"

"Kofi!" alijibu Alfani. "Mama, usisimamishe mwaka!"

Watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama kutazama. Wengine wakaanza kupiga makofi pamoja na Bi Biasha, na muda si muda palikuwa na ngoma isiyo na ngoma. Sharifa akamaliza mzunguko, akaanza wa pili, akamaliza, na mbele yake akamwona Alfani tena. Kamba ikapungua, arobaini, thelathini, kumi na tano. Kofi la mia na hamsini na sita likawakuta uso kwa uso. Hatua kumi na moja.

"Siku mia saba na themanini," Alfani alisema, akihema. "Kutoka tarehe sita mwezi wa saba wa mwaka juzi. Inaangukia mwezi wa nane, siku ya ishirini na nne. Siku hiyo itakuwa karibu kabisa, kisha itaanza kwenda zake."

Mzee Daimu alikuwa amefika katikati ya ngoma ile na alitazama mpaka mwisho. "Vizuri," alisema. "Ila niambie jambo moja. Hapa mmeanza na kumi na moja, mmemaliza na kumi na moja. Kama kila ikija inafika palepale, mbona mwaka wa vita ilikuwa ndogo, na sasa ni kubwa?"

Alfani akaitazama kamba. Hakujua. Akasema labda ni moshi.

Tarehe ishirini na nne mwezi wa nane ikafika, ikapita. Wiki moja ikapita. Nyota sasa ilichomoza mapema, watu wakiwa bado wako nje wanaota moto, na moshi wa mashamba yanayochomwa uliifanya iwe nyekundu kama kaa. Nayo ilikua. Hapakuhitaji kuwa na macho makali. Vijana sokoni wakamwita Alfani "Bwana Kofi". Familia tatu za Mshangano zikafunga mizigo na kuondoka, na Mzee Daimu akaanza kukunja nguo zake marobota.

Hakumkaripia Alfani. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Hukunidanganya, mwanangu," alimwambia. "Umekosea tu. Lakini mimi safari hii siwezi kungoja niuone mwisho wa kosa."

Kwa siku nne Alfani hakwenda popote. Siku ya tano Sharifa alikuja na mama yake, amebeba kitabu ambacho Alfani alikuwa amekiacha shambani, na nyuma yao akaja Hironimus, fundi seremala aliyelelewa misheni na kufundishwa Kidachi cha kusoma. Alikuwa ametoka kupaua nyumba huko Namtumbo. Sharifa ndiye aliyekwenda kumwita, bila kumwuliza mtu.

"Nimeangalia tarakimu," Sharifa alisema, akaketi mkekani na kufungua kitabu. "Hironimus, mwambie maneno haya juu ya mstari huu yanasema nini."

Hironimus akaweka kidole. "Umbali wa Mirihi kutoka jua. Mwezi kwa mwezi."

"Soma mwezi wa kwanza."

"Thelathini na tatu."

"Soma wa tisa."

"Ishirini na nane." Hironimus akainua uso. "Kumbe haukai mahali pamoja."

Alfani alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya kitabu. Thelathini na moja ya Bwana Otto ilikuwa wastani tu! Mirihi haikuliweka jua katikati. Upande mmoja ilipita mbali, thelathini na nne kasoro kidogo. Upande mwingine ikalisogelea hadi ishirini na nane.

"Ngoja, bado," Sharifa alisema, macho yanamng'aa. "Mstari wa pili nimeutambua mwenyewe, ni mahali inaposimama kwenye duara. Nimetoa tarakimu ya mwezi mmoja kwenye ya mwezi unaofuata, kama ninavyotoa kindu. Mwezi wa kwanza imesogea sehemu kumi na nne za duara. Mwezi wa tisa imesogea kumi na tisa. Unaona? Ikiwa mbali na jua inajivuta. Ikiwa karibu inakimbia."

Alfani akamtazama mchumba wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Inakimbia," alirudia polepole. "Na mwaka huu iko upande huo wa karibu. Ndiyo maana dunia haijaipata bado. Inamkimbiza mtu ambaye naye anakimbia!"

"Ndivyo nilivyofikiri," Sharifa alisema. "Usiku wa jana sikulala."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilitaka Hironimus asome kwanza. Bwana Kofi mmoja anatosha."

Alfani akacheka. Alicheka mpaka akajilaza chali, na Bi Biasha naye akacheka, na Hironimus, aliyekuwa hajui habari za kofi, akacheka kwa kuwaona wao.

Siku hiyohiyo wakang'oa vigingi mia na thelathini na saba. Duara kubwa wakalichora upya, safari hii kitovu chake kimesogezwa pembeni ya jua, hatua tatu kasorobo. Vigingi vya upande wa karibu wakaviachanisha, vya upande wa mbali wakavibananisha, kila kimoja kwa kipimo cha kitabu. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Hironimus alichonga vigingi vipya kwa vile vilivyovunjika, na siku ya mwisho akakataa kula mpaka duara likamilike.

Kisha wakamwita Mzee Daimu. Alikuja bila furaha, akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Baba," Alfani alisema, "mara hii hatuanzi kwenda mbele. Tunarudi nyuma kwanza. Ulituuliza swali, sikukujibu."

Wakasimama kwenye mwezi wa saba wa 1907, mwaka wa njaa. Hironimus akapima kamba: hatua nane na kidogo. Bi Biasha akaanza makofi, nao wakatembea kinyumenyume, Sharifa akishika gauni lisimkwaze. Makofi mia na hamsini na nane. Walipokutana tena uso kwa uso, Alfani alihesabu siku kwa kijiti mchangani.

"Mwezi wa tano, mwaka 1905. Hironimus, kamba?"

"Kumi na moja."

Mzee Daimu akasogea karibu. Akaishika kamba mwenyewe, akahesabu mafundo moja moja kwa kidole gumba.

"Mwezi wa tano," alisema. "Mimi nilikwambia mwezi wa tano?"

"Ulisema, baba. Lakini kamba haikukusikia."

"Na ilikuwa mbali zaidi. Ndiyo maana ilikuwa ndogo." Mzee alibaki ameishika kamba. Sauti yake ikabadilika. "Basi haikuja kwa ajili ya vita."

"Ilikuwa inapita njia yake tu, baba. Ingepita hata kama tungekuwa na amani."

Mzee Daimu akageuka, akatazama kule Namtumbo kwa muda. Kisha akarudi, akaketi chini karibu na kigoda cha mkewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mbele za watu. "Haya," alisema. "Nendeni mbele sasa."

Wakarudi mwezi wa saba wa 1907, wakaenda mbele. Mia na hamsini na sita, kosa lao la zamani, likapita, na kila mtu aliona kwamba Sharifa bado hajamfikia Alfani, kwa maana vigingi vya huko vilikuwa vimeachana na Alfani alilazimika kurukaruka. Mia na hamsini na tisa. Mia na sitini. Kofi la mia na sitini na mbili likawakuta wametazamana.

"Hatua nane," Hironimus alisema. "Nane kasoro kidogo sana."

"Tarehe ishirini na nne mwezi wa tisa," Alfani alisema. "Ramadhani itakuwa siku ya tisa, ya kumi. Na mara hii ipo dalili isiyohitaji kuniamini mimi. Mtazameni Sharifa. Jua liko mgongoni kwake, mimi niko usoni kwake, sote mstari mmoja. Siku hiyo jua likizama magharibi, Mirihi inachomoza mashariki. Kabla ya siku hiyo inachelewa. Baada yake inatangulia. Ikitangulia, baba, ujue tumekwisha kuipita."

"Hatua moja ni kitu gani huko juu?" Mzee aliuliza.

Hironimus akaeleza kwa kuwa yeye ndiye aliyekisoma kitabu. Hatua moja ni maili milioni moja za Kidachi, zile ndefu, yaani elfu mara elfu. Msafara wa kawaida hukata maili nne kwa siku. Wakahesabu wote pamoja, Mzee Daimu akiongoza, maana hesabu ya misafara ndiyo kazi yake. Wakapata karibu miaka mia saba kwa hatua moja.

"Mara nane," Mzee alisema taratibu. "Msafara wa miaka elfu tano na zaidi." Uso wake ukaanza kulegea. "Na mimi nilikuwa naogopa itafika kabla sijauza bafta zangu!"

Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hanunui kabla ya kushika. Alikata kipande cha shashi nyepesi kutoka dukani. Kila jioni alikikunja, akakiweka machoni na kuitazama nyota: mkunjo mmoja, miwili, mitatu, mpaka isionekane tena. Mwanzo wa Ramadhani ilipenya mikunjo minne. Na siku za kwanza za mfungo ilichomoza juu ya milima ya Matogoro watu wakiwa wamekwisha kufuturu na kuswali. Siku ya tano ilichomoza wakiwa bado wanakula. Habari ilikuwa imekwisha kuenea. Siku ya tisa, magharibi ilipokaribia, Mshangano yote ilikuwa nje, bakuli za uji mkononi, mtu mmoja anatazama jua, mwingine anatazama mlima. Wakristo nao walikuja, ingawa hawakufunga, na Hironimus akaleta viazi vitamu vya kuchoma ili asionekane amekuja mikono mitupu.

Jua lilizama jekundu katika moshi. Adhana ikasikika. Watu wakanywa funda la kwanza, na kabla ya kushusha bakuli, mtoto wa jirani akapiga kelele. Nyota ilikuwa palepale mlimani, kubwa, inawaka, imekuja na futari.

Hakuna aliyekimbia. Walisimama wakaitazama, na mtu mmoja akasema, "Karibu." Wakacheka wote. Mzee Daimu akatoa shashi yake. Mikunjo mitano.

"Sasa ndiyo tutajua," alisema.

Siku ya kumi na tano nyota ilikuwa imekwisha kupanda juu ya mlima anga lilipoingia giza. Imetangulia! Siku ya ishirini shashi ilikuwa mikunjo minne, na Mzee aliitazama mara tatu, akaibadilishia jicho, akampa mkewe naye ajaribu. Siku ya ishirini na nane ilikuwa mitatu. Mzee alirudi ndani. Sharifa na mama yake wakasikia marobota yanaburutwa, kamba zinakatwa kwa kisu, nguo zinapangwa tena rafuni, na sauti ya mzee akiimba peke yake, vibaya sana, wimbo wa kumcheza mwali.

Asubuhi akamwita Alfani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Siku ya tatu baada ya Idi. Unayo kanzu?"

"Ninayo moja, baba."

"Si ile yenye matope ya duara." Akamtupia jora zima la bafta nyeupe. "Kashone."

Idi ilikuwa Jumamosi, na harusi ikafuata. Bi Biasha alipika siku mbili. Mjomba alifika kutoka Namasakata amechoka, akauliza kwa nini njiani watu wanamwambia mpwa wake ameipita Mirihi, ikabidi aelezwe, na alipoelezwa akataka kuonyeshwa. Basi wageni wote wakaenda shambani. Wanawake wakachukua duara la ndani, wanaume la nje, ngoma tatu badala ya makofi, wakazunguka mpaka vumbi likafika mabegani. Mzee Daimu alizunguka mwezi wa tano, mwezi wa sita, hata mwezi wa saba, akakataa kupumzika. Familia mbili kati ya zile tatu zilizoondoka zilikuwa zimerudi. Zilikuja na majembe mabegani moja kwa moja kutoka njiani, zikaketi na kula.

Siku ya tatu ya ndoa, jioni, maharusi walikuwa wameketi nje ya nyumba yao mpya ambayo ilikuwa bado inanuka udongo mbichi. Sharifa alikuwa na kitabu magotini. Upande wa magharibi, juu kidogo ya pale jua lilipozama, nyota nyeupe ilikuwa inang'aa kuliko zote.

"Ile ni ipi?" aliuliza.

"Zuhura. Yenyewe iko ndani, kati yetu na jua. Hatua kumi na nne na nusu."

Sharifa akapekua kurasa, midomo ikicheza kimya. Alfani alimwangalia, akajua kwamba mkewe amekwisha kuanza kutembea kichwani.

"Inatembea haraka kuliko sisi," alisema mwishowe. "Basi hii ndiyo itakayotukimbilia kutoka nyuma. Alfani, hii inakuja. Itakaribia kuliko hata Mirihi. Mpaka mwezi wa pili itakuwa hatua tano na nusu tu!"

"Na itazidi kung'aa kwanza," Alfani alisema.

Wakatazamana. Ng'ambo ya uwanja, barazani kwake, Mzee Daimu alikuwa amesimama na kipande cha shashi, ameelekea magharibi, anakunja.

Sharifa akainuka, akatikisa ukindu kwenye gauni lake.

"Chukua kamba," alisema. "Twende tumwambie sasa hivi, kabla hajafunga mizigo."